Kamba ya chumvi ya Bweremana

Mi siwezi kununua sabuni bila kuishika kwanza. Naiweka ndani ya mukono, nafunga macho, nasikia uzito yake mupaka niridhike. Bajukuu yangu banaonaka haya juu yangu.

"Tate, lipa tuende! Bei ni ile ile ya juzi."

"Bei ni ile ile, sawa," mi najibu. "Na sabuni, iko ile ile?"

Hapo muuzaji anaanza kuangalia pembeni, na mi furaha inanipanda toka kwenye magoti, sababu nakumbuka fasi nilijifunziaka hii kazi. Nilijifunza kwa chumvi, na kwa ulimi wangu mwenyewe. Ule ulimi ulibakisha kidogo tu uniharibie jina.

Tulikuwa tunakaa kwenye mulima, juu ya Ngungu. Mi nilikuwa mutoto mwanamuke wa miaka kama kumi, sijui vizuri, sababu baba alikuwa anahesabu miaka yetu kwa mavuno ya mutama, na kuko mwaka mutama ilikataa. Nilikuwa nimesoma kwa katekisti kidogo tu. Nilijua herufi, nilijua kuhesabu, kisha mama akazaa mapacha na masomo yangu ikaishia pale. Lakini kuhesabu ilibaki ndani ya kichwa, hakuna mutu alinitoa ile.

Ilikuwa kisha vita ya Bazungu kuisha. Faranga ya tembo ilikuwa imefika kwetu, ile moja yenye mutu akiigeuza anaona tembo mwenyewe anatembea, na mukonga yake na meno yake. Mi nilikuwa nainyoosha kwenye jua na kuiangalia mupaka macho inauma. Nyama mukubwa vile, namna gani aliingia ndani ya kitu kidogo vile?

Ile faranga moja njo ilikuwa bei ya kifurushi moja cha chumvi kwenye soko ya Bweremana, kule chini, pembeni ya ziwa. Chumvi ilikuwa inatoka mbali, inakuja na mitumbwi, na papa moja, muuzaji wa chumvi, alikuwa anaifunga ndani ya majani ya mugomba, anaizungusha kamba ya mugomba mara mbili, anakaza fundo. Kifurushi kilikuwa kinakaa muzuri ndani ya mikono kama mutoto wa siku moja.

Kwetu nyumbani chumvi haikuwa ya kila mutu kugusa. Mwenye chumvi alikuwa tate, mama ya baba yangu. Alikuwa anaiweka ndani ya kibuyu, na kibuyu ilikuwa inaninginia juu ya moto, ili chumvi isilie maji. Mama akipika maharagi, anaita, "Mama mukwe, chumvi!" Tate anasimama pole pole, anateremusha kibuyu, anatoa vidole tatu vya chumvi, anarudisha. Hata baba, mwanaume na ndevu zake, hakuwa na ruhusa.

Na jani la kifurushi, usifikiri tulikuwa tunalitupa! Chumvi inabakiaka kwenye mishipa ya jani. Basi jani lilikuwa linaingia ndani ya nyungu ya maharagi, linachemuka nayo mupaka linatoa yote, kisha njo linatupiwa mbuzi. Na kamba pia haikutupwa. Tate alikuwa anaichomeka kwenye majani ya paa, juu ya mulango, moja pembeni ya ingine, kwa kazi ya kufunga vitu. "Kamba leo ni takataka," alikuwa anasema, "kesho utaitafuta na machozi."

Kununua chumvi ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nateremuka na bamama ya jirani, na kikapo yangu ya maharagi kwenye kichwa, nauzisha, napata faranga ya tembo, namupatia papa wa chumvi, napanda mulima na kifurushi. Sasa nitasema ukweli, sababu niko muzee na hakuna mutu atanipiga tena. Kwenye kupanda, jua likichoma, kifurushi kinatoka jasho. Kwenye kona ya jani kunakuja tone moja, linang'aa. Na mi nilikuwa nalamba. Tone moja kwenye mawe ya kwanza, tone ingine pale kwenye muto, tone ya mwisho mbele ya kuona moshi ya kwetu. Jamani, ile chumvi! Sijakula kitu tena kimefikia pale.

Siku moja tate akamimina kifurushi ndani ya kibuyu, kisha akaingiza kidole yake ya katikati kwenye shingo ya kibuyu. Ile njo ilikuwa kipimo yake. Akaingiza tena.

"Mbele, kifurushi moja kilikuwa kinagusa kidole yangu mupaka kwenye kiungo," akasema. "Leo kinagusa ukucha tu. We mutoto, toa ulimi."

Nikatoa. Akanusa.

"Huyu amekula chumvi ya nyumba nzima!"

Basi mi nilibaki kama nimepigwa na radi. Sababu nilijua nimelamba, ni kweli. Lakini matone tatu! Ulimi wangu njo uko na nguvu vile? Usiku ile nilikuwa naugusa na kidole, naushangaa, kama mutu anayelala na chui ndani ya kinywa.

Kesho yake batoto ya mulima bote balikuwa banajua. Nikipita na mutungi wa maji, banatoka nyuma ya migomba: "Meee! Meee! Mbuzi ya chumvi inapita! Mama, ficha kibuyu!" Hata mapacha yetu, benye hata kutembea hawajue, balijua kulia "mee".

Hiyo yote ningeweza kuvumilia. Lakini kuko kitu moja kilikuwa kinaniuma. Shangazi, dada mukubwa ya baba, alikuwa mwanamuke wa biashara. Kila mwaka kisha mavuno ya maharagi alikuwa anabeba chumvi, anateremuka upande wa jua kuingilia, mupaka ndani ya pori ya Walikale, anaibadilisha na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya matunda ya muchikichi. Mwaka ule alikuwa ameniahidi kunipeleka. Mi, kwenda kuona pori! Kuona fasi miti inafunga mbingu! Nilikuwa nimeshaota ile safari mara nyingi mupaka nilikuwa na vumbi yake kwenye miguu.

Tate akamuambia shangazi mbele yangu, "Unamutuma mbuzi kubeba chumvi? Huyu haendi."

"Mama, ni mutoto tu," shangazi akasema.

"Mutoto analamba kifurushi moja. Kule kwenye njia ya siku ine, atakulambia muzigo muzima, utafika na majani."

Nikalia mupaka mama akanihurumia. Akamuomba tate anijaribu mara moja tena. Tate akakubali, lakini alikuwa ameshainua kidole ile ya kipimo. "Mara moja," akasema. "Nitapima."

Nikateremuka Bweremana. Nikauzisha maharagi, nikatoa faranga ya tembo, nikapata kifurushi. Kisha, mbele ya kuanza kupanda, nikachuma jani moja pana ya majani ya njia, nikaliweka katikati ya meno na kuliuma. Nikasema ndani ya roho: hii jani haitatoka mupaka tate aitoe yeye mwenyewe.

Bamama bakaanza.

"Mbona leo mutoto huyu iko bubu?"

"Wacha, ni mbuzi imefungwa kinywa!"

"We mutoto, jibu basi! Umekula ulimi yako sasa?"

Mi kimya. Nikafika kwenye mawe ya kwanza, tone likatoka, likaning'aria. Nikaangalia juu. Kwenye muto, tone ingine. Nikaangalia pembeni. Mate ilikuwa inanimwagikia mupaka kwenye kifua, lakini jani iko pale. Nikafika nyumbani na meno inauma. Bamama bote bakasimama kwenye kiwanja kuona.

Tate akatoa jani kwenye kinywa yangu. Akanusa ulimi. Akanusa tena. "Majani," akasema. "Majani tu."

Akafungua kifurushi, akamimina ndani ya kibuyu, akaingiza kidole. Akakitoa. Akakiangalia kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa haijafika hata kwenye ukucha. Ilikuwa imepunguka kuliko ya mbele!

"Huyu hakufungua kinywa toka ziwani," jirani moja akasema. "Mi nilikuwa nyuma yake. Nilimutukana njia yote, hakujibu."

Mama akakuna kichwa. "Labda kibuyu imeanza kukua."

"Kibuyu ilikauka mbele ya bwana yako kuzaliwa," tate akasema, "leo njo itakumbuka kukua?"

Tate akakaa chini, akasema tu, "Weka jani kwenye nyungu, kamba uichomeke pale juu." Na mi nikaona jani lile linaingia kwenye maharagi, linageuka, linazama. Nikawaza: kama jani za zamani zingekuwa hapa, ningepima hii na zile. Lakini za zamani zote tulishazikunywa ndani ya muchuzi, na mbuzi ikamaliza. Sisi wenyewe tulikuwa tunakula ushahidi yetu kila mara.

Nikapanda juu ya kinu na kamba ndani ya mukono, nichomeke. Pale juu ya mulango zile zingine zilikuwa zimepangwa, ya zamani upande wa kushoto, mupya upande wa kuume, sababu tate alikuwa na utaratibu yake. Mukono yangu ikagusa ya kwanza ya kushoto, ilikuwa nyeusi ya moshi. Na ilikuwa na magoti. Njo vile nilisema, magoti: kamba ya mugomba ikikauka inashika fasi ilijikunja. Pale ilizunguka kona ya kifurushi, inabaki imekunjika, hata ukiinyoosha inarudi. Nikaweka ile mupya pembeni yake, goti kwa goti.

Hazikulingana.

Nikateremuka na zote. Nikazipanga chini, kwenye udongo, kufwatana vile zilikuwa zimechomekwa. Zilikuwa kumi na moja. Nikazivuta sawa kutoka kwenye fundo mupaka kwenye goti ya mwisho. Na zikashuka! Ya pili ilikuwa mufupi kuliko ya kwanza kwa upana ya punje ya maharagi. Ya tatu mufupi kuliko ya pili. Zilikuwa zinashuka kama ngazi, pole pole, pole pole, hakuna goti moja iliruka. Kati ya ya kwanza na ile ya leo kulikuwa kiganja kizima.

Mi nilikuwa nimezibeba zile vifurushi zote kumi na moja na mikono yangu hii. Nilipanda nazo ule mulima. Na sikusikia kitu! Kila mara kilikuwa kinapunguka kidogo ndani ya vidole vyangu, kama mwezi, wenye unaangalia leo, unaangalia kesho, hauoni kitu, kisha siku moja hauko.

"Tate," nikasema. "Kuya uguse."

Macho ya tate ilikuwa imeshachoka, lakini vidole yake ilikuwa ingali na akili. Akachuchumaa. Akazigusa moja kwa moja, kutoka kushoto kwenda kuume. Akarudi. Akazigusa tena.

"Weee!" akasema. "Weee, mama yangu!"

Baba akaingia, akaelezwa, akasimama na mikono kwenye kiuno. "Lakini bei haijapanda," akasema. "Ni faranga moja, siku zote ni moja."

"Njo pale papa wa chumvi alijificha," tate akasema. "Sisi tulikuwa tunachunga bei kama mbwa kwenye mulango, na chumvi ikatokea nyuma ya nyumba."

Magoti ya tate ilikuwa mbaya. Toka mi kuzaliwa hakuwa ameteremuka Bweremana. Lakini soko ilipokaribia alikamata fimbo, akafunga zile kamba ndani ya kitambaa yake, akasema, "Tuende." Tulianza mbele ya siku ya soko, tukalala kwa ndugu kwenye muteremuko, asubuhi tukafika. Aliposimama na kuona ziwa, alisema tu, "Hata wewe umepunguka?" Kisha akacheka yeye mwenyewe.

Yule papa wa chumvi alikuwa mutu wa sauti tamu. Kila mama muzee alikuwa anamuita mama mukwe.

"Mama mukwe! Leo nimeona jua mara mbili! Vifurushi ngapi?"

"Mukwe, sikuya kununua," tate akasema. "Nimekurudishia kamba zako."

Akafungua kitambaa, akazipanga kwenye majani yake ya biashara, ya zamani kushoto, mupya kuume. Bamama bakaanza kusogea. Soko ikinusa maneno, hata samaki inaachwa peke yake.

Papa akaangalia zile kamba. Akacheka. "Aaa, mama mukwe! Kamba ikikauka inajikunja. Hata wewe, mbele ulikuwa murefu!"

Bantu bakacheka. Jibu yake ilikuwa muzuri, na mi sikuwa nimeiwazia.

Lakini tate akangojea kicheko iishe. "Sawa, mukwe. Kukauka kunafupisha. Basi hii ya zamani, yenye imekula moshi kuliko zote, njo ingekuwa mufupi kuliko zote. Na hii ya juzi njo ingekuwa murefu. Sasa tuonyeshe."

Kisha mama moja wa samaki akapiga makofi. "Eeeh! Papa, onyesha basi!"

"Fungua kifurushi!" wengine bakasema. "Fungua moja tuone!"

Akakataa, bakafungua benyewe. Jani ya kwanza. Chini yake jani ya pili. Chini, ya tatu. Mama wa samaki alikuwa anazihesabu na sauti, na soko yote inaitika, mupaka sita; kwetu tulikuwa tunayaingiza yote pamoja ndani ya nyungu, hakuna mutu aliwahi kuhesabu. Na kule ndani, chumvi yenye ingeweza kukaa ndani ya kikombe ya mutoto.

"Unatuuzisha mugomba!"

"Kwetu migomba iko, papa, hatuna njaa ya majani!"

Yule papa akatoa kofia, akajipanguza. Nilifikiri atakasirika. Akasema pole tu, kama mutu amechoka kubeba kitu. "Benye mitumbwi balinipandishia bei. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mi ningefanya nini? Nikipandisha bei, mutanigombeza mimi, hapa, mbele ya bantu. Nikipunguza kifurushi, kila mutu anaenda kugombana na batoto yake kwake, na mi nalala muzuri."

Jamani. Bamama bakaangaliana. Mama moja, mwenye mutoto yake alikuwa anamushika kanga, akaweka mukono kwenye kinywa.

"Wangu nilimupiga," akasema. "Juu ya chumvi. Mwezi jana."

Na mwingine: "Hata mi."

Mi nilikuwa nasimama pale na nawaza: kumbe tulikuwa bengi! Kwenye kila mulima, mbuzi moja. Na mutu moja, kwa kukaza kamba kidogo tu, ameingia ndani ya nyumba zote zile bila kupiga hodi. Nilimuogopa na nilimushangaa. Mupaka leo namushangaa.

Tate akachukua ile kifurushi kilifunguliwa, akakilipa faranga yake. Kisha akanigeukia mbele ya bantu bote.

"Toa ulimi."

Nikatoa. Akaweka chumvi juu yake, vidole tatu, kama ya nyungu muzima. Hiyo ilikuwa namna yake ya kusema ameniangukia, ya kuniomba musamaha. Ilinichoma mupaka machozi ikatoka, na sikuifunga kinywa. Zile matone tatu za njiani sikumuambia siku ile. Wala ingine.

Kutoka pale, kila mwanamuke wa mulima wetu akiteremuka Bweremana alikuwa amevaa kamba ya zamani kwenye mukono kama bangili. Anazungusha kifurushi mbele ya kulipa. Yule papa akaanza kuuzisha ya aina mbili: mukubwa ya faranga moja na nusu, mudogo ya moja. Bantu bakalalamika sana, na bakalipa. Na mi, "mee" ikaisha.

Shangazi akanipeleka Walikale.

Nisimulie nini juu ya ile pori? Siku ya tatu mbingu ikapotea. Miti ilikuwa inasimama na magamba kama miguu ya bazee, na juu yetu majani, na juu ya majani, majani ingine. Nikasema, kumbe na dunia pia imefungwa, jani juu ya jani! Kwenye matope shangazi akanionyesha shimo pana, imejaa maji, na vyura ndani. "Mguu ya tembo," akasema. Nikatoa faranga yenye baba alinipatia, nikaiweka pembeni ya ile shimo. Tembo wa faranga hakukuwa mukubwa hata kama chura moja ya pale. Nikacheka peke yangu mupaka shangazi akanivuta sikio.

Tukafika kwa mama moja muzee, rafiki yake wa biashara wa miaka mingi. Nyuma ya nyumba kulikuwa mwanamuke kijana anatwanga matunda ya ngazi ndani ya kinu, pu, pu, pu. Alikuwa mukamwana wa yule muzee, muke ya kijana wake. Alikuwa anatwanga bila kuinua kichwa, kama mutu anayekaa mbali na kwake. Bei yao na shangazi ilikuwa ya zamani: kifurushi moja cha chumvi, chupa moja ya mafuta. Sasa, shangazi yangu alikuwa amenunua vile vidogo. Vyote.

Mama muzee akakamata kifurushi cha kwanza, akakiweka kwenye kiganja, akafunga macho. Alikuwa anasikia uzito yake, vile mi nafanyaka leo na sabuni. Akafungua macho, akaniangalia, akacheka na fizi zake.

"Shoga yangu, hii mutoto yako alilamba njiani?"

Mguu ya shangazi ikakuja juu ya mguu yangu na kukaza. Nilielewa muzuri. Nikinyamaza, mafuta iko yetu, na mi niko mbuzi tena, mupaka hata pori. Nikisema, shangazi hatanipeleka fasi ingine. Kinu kilikuwa kinalia, pu, pu.

Nikatoa kamba kwenye mukono yangu. Ile ya kwanza, nyeusi ya moshi, tate alikuwa amenipatia ya kuvaa.

"Sikulamba," nikasema. "Kifurushi kilikuwa hivi. Sasa kiko hivi." Nikaizungusha kwenye kifurushi chake, na ikabaki ikilegea.

Shangazi akasema neno yenye sitarudia. Lakini yule muzee hakumuangalia. Alikamata kamba, akaigusa magoti yake moja moja, kisha akasimama, akaingia ndani ya nyumba. Akakawia. Akatoka na fungu mukononi.

Zilikuwa kamba. Kamba ya mugomba, na magoti yake, imekauka juu ya moto yake mwenyewe, miaka na miaka. Mutu mwenye hajaona Bweremana hata siku moja, siku ine ya miguu toka kwetu, na yeye hakutupa kamba! Nikasikia kama tate yuko amesimama pale ndani ya pori na fimbo yake.

Akazipanga chini, pembeni ya yangu. Zikashuka kama ngazi. Akaziangalia sana.

"Mi nilikuwa nasema ni yeye," akasema pole. "Miaka mbili nasema ni yeye anaiba, anapelekea mama yake."

Kinu kikanyamaza. Mukamwana alikuwa amesimama na muchi ndani ya mikono, mafuta nyekundu mupaka kwenye viwiko, na hakukuja, na hakuondoka.

Shangazi akainama kwenye muzigo yake. Bila kusema kitu akatoa kifurushi cha pili, akakiweka juu ya cha kwanza. Chupa moja, vifurushi mbili. Njia yote ya kurudi hakuniongelesha, lakini alinibebesha chupa yenye imejaa kuliko zote.

Yule mama muzee akafungua jani, na ingine, na ingine, mupaka akafikia chumvi nyeupe. Akanyoosha mukono upande wa kinu.

"Mwanangu," akasema, "kuya hapa. Toa ulimi."